Pochi imeibwa pamoja na kitambulisho: je, mwizi anaweza kukopa kwa jina langu?

"Mimi ni mfanyabiashara wa vitenge. Hununua mzigo Kikuubo, Kampala, na kuuza Busia. Ijumaa iliyopita jioni, nikipanda teksi katika Paki ya Zamani, mtu aliuchana mkoba wangu kwa wembe akachukua pochi. Ndani mlikuwa na shilingi 380,000, kitambulisho changu cha taifa, permiti ya udereva, kadi ya ATM, kitabu cha SACCO, fotokopi ya kitambulisho cha mume wangu, na laini yangu ya zamani ambayo siku hizi siitumii sana. Simu yenyewe ilisalimika. Kadi ya ATM niliifungisha Jumamosi asubuhi. Jumatatu mwanamume mmoja alinipigia akasema ameokota pochi yangu Nakawa, akaomba 20,000 za nauli ili aniletee. Nilimtumia kwa mobile money. Jina lililotokea lilikuwa la mwanamke, akasema ni mke wake. Kisha akaniambia kuna namba ya tarakimu sita itaingia kwenye simu yangu, nimsomee ili ajue mimi ndiye mwenye pochi. Namba iliingia kweli, lakini mwanangu alinizuia, na yule mtu akakata simu. Tangu hapo silali. Je, anaweza kukopa kwa jina langu? Naweza kubadilishiwa NIN, ile namba yangu ya utambulisho wa taifa? Niitupe namba yangu ya simu? Shemeji yangu anasema kwenda polisi ni kupoteza siku, kwa sababu fedha hazitarudi."

Pole sana, dada, na umshukuru mwanao kwa niaba yangu. Kabla sijajibu lolote uliloniuliza, naomba nirudi kwenye jambo ulilolitaja kwa kupita tu, kwa sababu ndilo lililonishtua kuliko yote: laini ya zamani. Kadi ya ATM umeifungisha, kitambulisho umekililia, lakini hujasema kama laini hiyo umeifunga. Kama bado, acha kusoma hapa, azima simu yenye laini ya mtandao uleule, piga 100 na uombe ifungwe pamoja na akaunti yake ya mobile money. Mhudumu atakuuliza jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, pengine na namba ulizozipigia karibuni au kiasi cha mwisho ulichotuma. Jibu kadiri unavyokumbuka, kisha andika tarehe, saa, na jina la mhudumu aliyekupokea.

Nieleze kwa nini nina haraka. Watu wengi huamini kwamba mwizi akitaka laini ya mtu ni lazima aende kwa wakala na kitambulisho cha bandia ili abadilishiwe kadi ya simu. Wapo wanaofanya hivyo, lakini mwizi wako hahitaji usumbufu huo, kwa sababu kadi ndogo yenyewe anayo mkononi. Akiichomeka kwenye simu yoyote, mtandao unamtambua kuwa ni wewe. Sasa jiulize: ulipofungua akaunti ya benki, uliandika namba gani kwenye fomu? Nimekaa miaka mingi kwenye dawati la malalamiko ya ulaghai katika benki, na nimeona mara nyingi mteja akiapa kwamba benki inaijua namba yake ya sasa, kumbe fomu ya mwaka ule alioifungua akaunti bado ina namba aliyoiacha zamani. Namba za uthibitisho za benki huenda huko. Mtu mwenye laini hiyo, mwenye kadi ya ATM ambayo mbele ina namba na tarehe ya mwisho na nyuma ina zile tarakimu tatu, na mwenye kitambulisho kinachomjibia maswali yote ya mhudumu wa simu, ana vipande vyote vya fumbo isipokuwa namba ya siri. Na namba ya siri, samahani kwa kukuuliza, si mwaka wako wa kuzaliwa? Kama ndiyo, imeandikwa kwenye kitambulisho.

Kwa hiyo, hatua ya pili, leo hiihii, ni kwenda katika tawi la benki ana kwa ana, uulize namba gani ya simu imeandikwa kwenye akaunti yako, uondoe ile ya zamani kama ipo, na uombe taarifa ya akaunti kuanzia Ijumaa jioni hadi sasa. Ulifungisha kadi Jumamosi asubuhi, na hilo ni jema, ila kati ya Ijumaa jioni na Jumamosi asubuhi kuna usiku mzima. Wengi hujifariji kwamba kadi bila namba ya siri ni plastiki tu. Kwenye mashine ya ATM ndivyo ilivyo, lakini kadi yenye alama ya mawimbi inaweza kulipia vitu vidogo dukani kwa kuigusisha tu kwenye mashine, na baadhi ya tovuti za nje huuza kwa kutumia zile namba zilizoandikwa kwenye kadi bila kuuliza zaidi. Ukiona malipo usiyoyajua, lalamika kwa maandishi hapohapo tawini, usiridhike na ahadi ya mdomo ya ofisa anayekuambia "tutaangalia, mama". Barua yenye muhuri wa kupokelewa ndiyo utakayoipeleka Benki Kuu ya Uganda iwapo benki yako itakaa kimya, kwa sababu Benki Kuu hutaka kwanza kuona kwamba ulilalamika kwa benki yenyewe.

Sasa turudi kwenye maswali yako. Naona ni hofu moja iliyovaa nguo tatu: kwamba mtu mwingine anaweza kutembea mjini akiwa wewe. Ili tujue anaweza kufanya nini, tuitazame kadi yenyewe. Ndagamuntu, yaani kitambulisho cha taifa, ya toleo la kwanza, ile iliyoanza kutolewa 2014, ina upande wa mbele jina lako, jinsia, tarehe ya kuzaliwa, NIN, namba ya kadi, tarehe ya mwisho na sahihi yako. Ukiigeuza, unakuta kijiji, parishi, kaunti ndogo, kaunti na wilaya. NIN ina herufi na tarakimu 14. Huanza na CF kwa raia mwanamke, au CM kwa mwanamume, na tarakimu mbili zinazofuata ni za mwaka wa kuzaliwa. Mtu aliyeishika kadi hiyo kwa dakika tano anajua wewe ni nani, ulizaliwa lini, unatoka wapi na unasaini vipi. Asichokuwa nacho ni kidole chako, na ndiyo maana mifumo mizuri huuliza kidole badala ya kadi. Tatizo ni kwamba si kila kaunta ina mfumo mzuri, na si kila anayeketi nyuma ya kaunta ni mwaminifu.

Je, anaweza kukopa kwa jina lako? Inategemea anakopa wapi. Mikopo ya simu, kama MoKash iliyoanza nchini 2016, haitolewi kwa NIN peke yake. Mfumo hutazama jinsi laini ilivyotumika: imepokea kiasi gani, imetuma mara ngapi, imelipa mikopo ya nyuma au la. Laini mpya iliyosajiliwa jana kwa jina lako haina historia, na aghalabu itanyimwa mkopo au kupewa fedha za kununua soda. Laini yenye historia ni ile uliyoitumia wewe mwenyewe kwa miaka, na hapo unaona kwa nini nimeanza na kile kikadi kidogo. Benki nayo haitatoa mkopo wa maana bila mtu kufika, kupigwa picha na kuthibitishwa. Mahali ninapopaona dhaifu ni kwa wakopeshaji wadogo wa mitaani, wale wanaoshika kitambulisho kama dhamana. Kanuni zinawakataza kufanya hivyo, na mamlaka inayowasimamia, UMRA, imelisema hilo zaidi ya mara moja, lakini droo zao bado zimejaa ndagamuntu za watu. Mwanamke anayefanana nawe kidogo anaweza kuiacha kadi yako huko, achukue laki mbili, asirudi. Deni la namna hiyo linaweza kukufikia kwa simu ya vitisho, na baadaye katika kumbukumbu za mikopo. Uganda imekuwa na ofisi za kumbukumbu za mikopo zenye leseni ya Benki Kuu tangu 2008, na una haki ya kuomba taarifa yako mwenyewe kutoka huko. Iombe baada ya miezi miwili au mitatu hivi, maana mkopo wa wizi hauonekani siku ileile.

Hata hivyo, katika nchi yetu mkopo sio matumizi ya kwanza ya kitambulisho kilichoibwa. Matumizi ya kwanza ni kusajili laini za simu. Unakumbuka Aprili 2017, mwezi mmoja baada ya kuuawa kwa msemaji wa polisi, Andrew Felix Kaweesi, Tume ya Mawasiliano ilipotoa siku chache za kila laini kuthibitishwa kwa NIN, na foleni zikazunguka majengo? Lengo lilikuwa kwamba kila simu iwe na mtu anayejulikana nyuma yake. Jambo hilo lilimfunga mhalifu mlango mmoja na kumfungulia mwingine: kwa kuwa sasa hawezi kutumia laini isiyo na jina, anahitaji laini yenye jina la mtu mwingine. Oktoba 2020, kampuni inayounganisha benki na mitandao ya simu ilipovamiwa na mabilioni ya shilingi kutoweka, iliripotiwa kwamba fedha zilipitishwa kwenye laini zipatazo 2,000. Laini kama hizo husajiliwa na watu wanaojua kwamba mpelelezi ataanza na jina lililo kwenye rekodi.

Soma tena maneno yako mwenyewe: sauti ilikuwa ya mwanamume, jina lililotokea ni la mwanamke, akasema ni mke wake. Huenda ni kweli. Lakini kwa uzoefu wangu, mwenye jina hilo huenda ni mama mmoja wa Mukono au Mbale ambaye pochi yake iliibwa mwaka jana, au ambaye siku moja alisimama mbele ya mwavuli wa wakala akaambiwa "kidole hakijasoma, weka tena", akaweka mara ya pili na ya tatu, na kumbe kila alipobonyeza ilisajiliwa laini nyingine asiyoijua. Kwa hiyo usiende kumtafuta mwanamke huyo mtandaoni na kumtukana. Andika jina lake, namba, kiasi, tarehe na saa kama zilivyo kwenye ujumbe wa mobile money, na uutunze ujumbe huo. Piga simu kwa mtandao wako uripoti kwamba namba ile imepokea fedha kwa udanganyifu. Kama zile 20,000 bado zipo, zinaweza kuzuiwa. Kama zimetolewa, na baada ya siku hizi nadhani zimetolewa, angalau namba hiyo itakuwa imewekewa alama.

Ile namba ya tarakimu sita ndiyo iliyokuwa shabaha yake. Nauli ya 20,000 ilikuwa ya kupima kama unaamini. Namba yako ya sasa aliipata wapi? Nadhani kwenye kitabu cha SACCO, ambako ofisa huandika simu ya mwanachama kwa kalamu ukurasa wa kwanza. Ujumbe wenyewe upo bado kwenye simu yako, na ukiusoma kwa utulivu utaona umetoka kwa nani. Tarakimu sita mara nyingi ni za WhatsApp: mtu ameandika namba yako kwenye simu yake, WhatsApp ikakutumia wewe namba ya kuthibitisha, na kama ungemsomea, dakika ileile wewe ungetolewa nje na yeye angeingia. Angeanza kuwaandikia akina mama wa kikundi chako cha akiba, "nimekwama mpakani, nitumie laki tatu, kesho nakurudishia", na wangetuma, kwa sababu ni wewe. Fungua WhatsApp sasa, nenda kwenye mipangilio ya akaunti, washa uthibitishaji wa hatua mbili, na uweke namba yako ya siri ya tarakimu sita ambayo haimo kwenye kitambulisho. Ukifanya hivyo, hata mtu akipata ile namba ya kwanza atakwama kwenye ya pili.

Ukiwa bado na simu mkononi, badilisha pia namba ya siri ya mobile money, kwa *165# kama uko MTN au *185# kama uko Airtel. Fanya mwenyewe, usimpe wakala akusaidie. Kisha fikiria kuweka kufuli kwenye laini yenyewe, ile inayokuuliza namba kila simu inapowashwa. Hapo pana tahadhari: ukikosea mara tatu laini hujifunga na kudai PUK, namba ya kuifungulia yenye tarakimu nane, na ukikosea PUK mara kumi kadi inakufa kabisa. Kwa hiyo pata PUK yako kwanza kutoka kwa mtandao na uiandike mahali nyumbani. Kama laini yako ya zamani ingekuwa na kufuli hilo, tusingekuwa na haraka hii.

Kuhusu NIN, jibu ni hapana, haibadilishwi. Namba hiyo hutolewa mara moja kwa maisha yote, na kinachobadilishwa ni kadi tu. Najua jibu hili linakatisha tamaa, kwa sababu nywila ikivuja tunaibadilisha, na kadi ya benki ikipotea inakuja yenye namba mpya. Hapa huna njia hiyo. Unachoweza kufanya ni kuhakikisha kwamba siku kadi yako ilipotoka mkononi mwako imeandikwa mahali rasmi kabla jambo lolote baya halijafanyika kwa jina lako. Na hapo ndipo ninapotofautiana na shemeji yako.

Shemeji ana haki kwenye jambo moja: fedha hazitarudi, na hakuna askari atakayepita Paki ya Zamani akimsaka mwenye wembe. Lakini huendi polisi kwa ajili ya zile 380,000. Unakwenda ili kuwe na mstari katika kitabu cha kumbukumbu za kituo, wenye namba, tarehe na saa, unaosema kwamba kitambulisho hiki, permiti hii, laini hii na fotokopi hii viliibwa. Miezi minane baadaye mpelelezi akikupigia kwamba laini yenye jina lako imetumika kumtapeli mtu Mbarara, mstari huo ndio utakaozungumza kwa niaba yako. Nimewahi kumwona kijana, fundi wa pikipiki, akikaa siku mbili rumande kwa sababu ya laini asiyoijua. Kitambulisho chake kilikuwa kimeibwa kweli, ila hakuripoti, na neno lake lilikuwa halina tarehe. Nenda na orodha iliyoandikwa tayari, kitu kwa kitu, na hakikisha askari ameandika NIN yako na namba ya laini, si "pochi na vitu vingine". Taja pia simu ya Jumatatu na zile 20,000, kwa sababu hilo ni kosa jingine tofauti na wizi wa mkoba, nalo linaangukia pia Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011. Usiondoke bila namba ya kumbukumbu ya SD, yaani ya kitabu hicho cha kituo. Kisha omba barua ya polisi ya kupotelewa, utoe nakala nne au tano, maana kila ofisi itataka yake.

Barua hiyo ndiyo utakayoipeleka NIRA, mamlaka inayotoa vitambulisho vya taifa, katika ofisi ya wilaya yako au makao makuu Kololo. Ada ya kubadilishiwa kadi iliyopotea ni shilingi 50,000, nayo hulipwa benki kwa namba ya malipo ya mamlaka ya mapato, URA, haipewi mtu mkononi hata kama amevaa kitambulisho shingoni na anakuahidi kukuharakishia. Kama kadi yako ilikuwa ya toleo la kwanza na muda wake wa miaka 10 umekwisha, mweleze ofisa mwanzoni kabisa, kwa sababu kuhuisha kadi iliyokwisha muda na kubadilisha iliyopotea ni maombi mawili tofauti, na zoezi la kuhuisha lililoanza Mei 2025 lilitangazwa kuwa la bure. Wengine husubiri wiki kadhaa wakitumaini kadi itaokotwa. Siwalaumu, 50,000 ni fedha, na kweli ndagamuntu nyingi hurudi kupitia kituo cha redio, mwenyekiti wa kijiji (LC1) au kituo cha polisi. Kama bajeti imebana, unaweza kusubiri kulipia kadi, ila usisubiri kuripoti. Na ukitangaza kwenye makundi ya WhatsApp, andika jina lako na namba ya kupigia tu. Nimeona watu wakibandika picha ya kitambulisho kizima, mbele na nyuma, "aliyeokota anisaidie", na hivyo kumgawia kila mtu kile ambacho mwizi mmoja alikuwa nacho peke yake.

Umeuliza kama uitupe namba yako ya simu. Ile ya sasa, nakushauri ubaki nayo. Ukiitupa, wateja wako wa Busia watakupoteza, na jambo ambalo watu hawalifikirii ni kwamba namba iliyoachwa hukaa kimya kwa muda, kisha kampuni huiuza tena kwa mtu mwingine, ambaye ataanza kupokea ujumbe wa benki yako na wa kikundi chako. Tatizo lako halikuwa namba hiyo, kwani laini yake haikuibwa. Ya zamani ni habari nyingine. Hapa una njia mbili. Unaweza kwenda kituo cha huduma cha mtandao ukaomba laini mpya yenye namba ileile, uihifadhi nyumbani ikiwa na kufuli. Au, kama huihitaji kabisa, uiondoe kwanza kila mahali inapotajwa, benki, SACCO, shuleni kwa watoto, barua pepe, ndipo uifunge moja kwa moja. Mimi ningechukua ya kwanza, angalau kwa mwaka mmoja, kwa sababu hakuna mtu anayekumbuka kila mahali alipoandika namba yake. Kwa kuwa huna kadi, nenda na barua ya polisi, NIN yako iliyoandikwa kwenye karatasi, na vidole vyako. Ukiwa hapohapo, omba kuonyeshwa laini zote zilizosajiliwa kwa NIN yako. Taarifa hizo ni zako, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakupa haki ya kuzijua na kuzisahihisha. Ukikuta namba usiyoijua, ikanushe kwa maandishi. Rudia zoezi hilo kila baada ya miezi mitatu katika mwaka huu. Fanya hivyo kwenye mitandao yote, hata ule ambao hujawahi kuutumia, maana huko ndiko mwizi angependa kwenda.

Mumeo naye aende akaulize laini zilizosajiliwa kwa NIN yake. Fotokopi haina uzito wa kadi halisi, lakini kwa wakala mwenye haraka ya kufikisha idadi ya wateja, fotokopi inatosha. Siku nyingine ukilazimika kuacha fotokopi mahali, chora mistari miwili juu yake na uandike kati yake kwa kalamu "kwa ajili ya SACCO tu", pamoja na tarehe. SACCO yenyewe utaimaliza kwa safari moja: kitabu kipya, na maelekezo kwamba hakuna kutoa akiba bila wewe kufika. Permiti utabadilishiwa kwa barua ileile ya polisi. Mwizi hana kazi kubwa nayo.

Nadhani umeshakutana pia na ushauri wa kufungia mikopo kwa jina lako kwa kubonyeza kitufe kimoja mtandaoni. Ushauri huo ni wa Marekani, ambako kampuni tatu, Equifax, Experian na TransUnion, hushikilia kumbukumbu za karibu kila mkopaji, na tangu Septemba 2018 sheria inazilazimisha kufungia kumbukumbu hizo bure. Ni ushauri mzuri kwa mtu anayeishi Chicago. Kwako wewe, laini ya simu na NIN ndiyo milango ya kulinda kwanza, na kinachokulinda kwenye kaunta za hapa ni barua zilizopigwa mihuri.

Yapo mambo ambayo hupaswi kuyashughulikia kwa simu wala kwa ushauri wa kusoma kama huu. Simu yako ikipoteza mtandao ghafla wakati majirani wa mtandao huohuo wanapiga kama kawaida, na hali hiyo ikapita nusu saa, usilale ukidhani ni mnara. Nenda kituo cha huduma siku hiyohiyo, na ukiwa njiani tumia simu ya mtu mwingine kuiambia benki isimamishe huduma za simu kwenye akaunti yako. Ukipigiwa kudaiwa mkopo usioujua, usilipe hata kiasi kidogo "ili waniache", kwa sababu kulipa kunaweza kusomwa kama kukiri. Waombe waraka wenye sahihi na picha ya aliyekopa, kisha uupeleke polisi kwenye faili lako lilelile. Fedha usizozijua zikiingia kwenye mobile money yako, usizitume kwa yeyote atakayepiga kudai amekosea. Mwambie aombe kampuni ya simu izirudishe. Na ukiitwa na wapelelezi kuhusu laini au mkopo, usiende peke yako wala mikono mitupu. Chukua nakala zako, na uombe mwanasheria. Justice Centres Uganda na FIDA-Uganda huwasaidia watu wasio na uwezo wa kulipa wakili, na mwanasheria akiwepo tangu maelezo ya kwanza hubadilisha mambo mengi.

Yule mwanamume huenda akapiga tena, pengine kwa namba nyingine na kwa sauti ya upole zaidi, akisema pochi bado anayo. Mwambie aikabidhi kituo cha polisi chochote kilicho karibu naye, akupe jina la kituo, nawe utaifuata na kuacha shukrani yake hapohapo kaunta. Aliyeokota kweli hatakuwa na shida na hilo. Kadi ya zamani ikirudi baada ya wewe kupewa mpya, irudishe NIRA, usikae na mbili.